Nguo za gofu za mvua na baridi kwa pauni 100

Ndugu, umesema koti lako linabana mabega ukizungusha fimbo, na kufikia shimo la tisa umeshalowa. Kwa pauni 100 hapo Glasgow, yote mawili yanatibika.

Anza na suruali ya mvua, si koti. Nyasi hukulowesha magoti hata mvua ikiwa imekatika. Chukua yenye zipu ndefu mguuni, uivae bila kuvua viatu.

Koti la kuzuia manyunyu tu halitoshi. Tafuta lebo ya milimita 10,000 au zaidi (kipimo cha kitambaa kuzuia maji), kisha geuza koti uangalie mishono: lazima iwe na utepe kwa ndani, maana maji hupitia matundu ya sindano. Kabla ya kulipa, livae juu ya sweta, shika hata mwavuli, uzungushe hadi mwisho wa pigo. Likipanda juu ya mkanda, liache.

Ndani vaa fulana ya poliesta inayobana, halafu flisi nyepesi, yaani sweta laini ya nyuzi bandia. Pamba hapana, hushika jasho ukaganda. Glavu za mvua huuzwa jozi na hushika vizuri zikilowa. Za ngozi huteleza.

Inesis, chapa ya gofu ya maduka ya Decathlon, ni nafuu. Ukinunua mitumba mtandaoni, omba picha ya utepe wa ndani. Utepe ukibanduka, koti limekwisha. Na usifulie dawa ya kulainisha nguo, inaua uwezo wa kufukuza maji.

Ukitetemeka bila kukoma au ulimi ukawa mzito, acha mchezo, ingia ndani, ita msaada. Vidole vikigeuka vyeupe kila mara, muone daktari.