Folda za tarehe kwa faili la bechi: folda ya "-6" inatoka wapi, na namna ya kutuma bila kupoteza faili

Mkuu, nairudia shida yako kwa kifupi ili na wengine wafuatilie. Skripti ya .bat (faili la bechi, yaani orodha ya amri ambazo Windows inaziendesha moja baada ya nyingine) inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta yako. Umeihamishia kompyuta ya masijala, kila jioni inachukua PDF za skana na kuzipeleka kwenye seva ndani ya folda ya tarehe. Mwezi mzima wa Juni kumetokea folda moja tu yenye jina "-6", ndani yake "-02", na PDF zilizomo ni za siku ya mwisho. Za siku nyingine hazionekani.

Chanzo ni mstari huu (md ni amri ya kuunda folda):

md "%date:~10,4%-%date:~4,2%-%date:~7,2%"

Mstari huo unakata vipande vya %DATE% (tarehe ya leo kama Windows inavyoiandika) kwa kuhesabu herufi, na kuhesabu kunaanzia sifuri. Kwenye mashine iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, %DATE% inatoa "Tue 06/10/2025". Herufi ya 10 na kuendelea ni 2025, ya 4 ni 06, ya 7 ni 10. Safi kabisa. Kompyuta ya masijala imewekwa mpangilio wa kwetu, siku kwanza, bila jina la siku: "10/06/2025". Sasa hesabu upya. Kuanzia herufi ya 10 hakuna kitu. Herufi mbili kuanzia ya 4 ni "6/". Mbili kuanzia ya 7 ni "02", yaani katikati ya 2025. Ukiunganisha unapata "-6/-02", na kwa kuwa kuna alama za kunukuu, Windows inauchukulia ule mkwaju kuwa mpaka wa folda: "-6", ndani yake "-02".

Angalia pia kwamba jina hilo halibadiliki kati ya tarehe 1 na 30 Juni. Kila siku skana inaanza upya na Scan0001.pdf, na amri ya move (ya kuhamisha faili) ikiwa ndani ya faili la bechi haiulizi kabla ya kufuta lililopo, inaandika juu yake moja kwa moja. PDF ya jana imekufa chini ya PDF ya leo. Kama hizo nyaraka zina umuhimu, simamisha ratiba hiyo sasa hivi kabla ya kusoma zaidi, na uangalie kama seva ina nakala za usiku.

Kwa hiyo usikate %DATE% kamwe, hata kama kompyuta zote za ofisi ziko sawa leo, maana mtu mmoja akibadilisha mpangilio wa tarehe kazi imeharibika kimyakimya. %TIME% nayo ina mtego wake: kabla ya saa nne asubuhi inaanza na nafasi tupu (" 8:15"), na nafasi hiyo inaingia kwenye jina la folda. Skripti nyingi za zamani zinachukua tarehe kwa wmic, amri ya zamani ya Windows ya kuuliza taarifa za mashine. Ilikuwa njia nzuri, lakini Microsoft wameiacha na kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hazina tena. Ichukue tarehe kutoka PowerShell (mfumo mpya zaidi wa amri wa Windows), ukiitaja mwenyewe namna unavyoitaka, mwaka kwanza, ili folda zijipange zenyewe kwa mfuatano.

Jambo la pili, ambalo naliona kubwa kuliko hilo la kwanza: tarehe usiipachike wakati wa kutuma. Ipachike hapa hapa kwenye diski ya ndani, mtandao uje baadaye. Skripti yako inaunda folda kwenye seva na kuhamisha moja kwa moja. Seva ikiwa imezimwa Jumatatu, kazi za Jumatatu zitaingia folda ya Jumanne, na hakuna atakayejua. Ukizipanga kwanza kwenye foleni ya ndani zikiwa na tarehe yake, basi seva ikirudi hata baada ya siku tatu, kila kitu kinakwenda mahali pake.

@echo off
setlocal
set "CHANZO=D:\Skana"
set "FOLENI=D:\Foleni"
set "LENGO=\\SEVA01\Nyaraka"
set "LOGI=D:\Kazi\logi"
if not exist "%LOGI%" md "%LOGI%"
if not exist "%FOLENI%" md "%FOLENI%"

set "SASA="
for /f %%a in ('powershell -NoProfile -Command "Get-Date -Format yyyy-MM-dd_HHmm"') do set "SASA=%%a"
if not defined SASA exit /b 20
set "LEO=%SASA:~0,10%"
set "SAA=%SASA:~11,4%"

if not exist "%CHANZO%\*.pdf" goto tuma
md "%FOLENI%\%LEO%\%SAA%"
for %%f in ("%CHANZO%\*.pdf") do move "%%f" "%FOLENI%\%LEO%\%SAA%\" >nul 2>>"%LOGI%\%LEO%.txt"

:tuma
robocopy "%FOLENI%" "%LENGO%" *.pdf /S /R:3 /W:10 /NP /LOG+:"%LOGI%\%LEO%.txt"
if %ERRORLEVEL% GEQ 8 exit /b 1
forfiles /P "%FOLENI%" /S /M *.pdf /D -30 /C "cmd /c del /q @path" 2>nul
exit /b 0

Badilisha njia (anwani za folda) nne za juu tu. Kukata herufi hapa ni salama kwa sababu mpangilio wa SASA tumeuweka sisi: "2025-06-10_1830", herufi 10 za kwanza ni tarehe, kuanzia ya 11 ni saa. Folda ya saa ndani ya folda ya tarehe ndiyo inayozuia Scan0001 ya mchana kuandikwa juu ya ile ya asubuhi ukiendesha skripti mara mbili kwa siku. Kwa walioko Saudia: mashine yenye Kiarabu cha huko inaweza kukutolea mwaka wa Hijria. Hapo weka [datetime]::Now.ToString('yyyy-MM-dd_HHmm',[cultureinfo]::InvariantCulture) badala ya Get-Date.

CHANZO na FOLENI lazima viwe kwenye diski moja, D na D. Hapo move inabadilisha anwani tu, papo hapo, hata faili likiwa na MB 500. Zikiwa diski tofauti inakuwa kunakili kisha kufuta, na umeme ukikatika katikati unabaki na nusu faili. Nimezungusha faili mojamoja kwa for badala ya move *.pdf kwa makusudi: PDF ambayo skana bado inaiandika huwa imefungwa, itagoma peke yake, kosa litaandikwa kwenye logi (faili la kumbukumbu ya kazi), na itachukuliwa awamu inayofuata. Ungenakili kwanza halafu ukafuta *.pdf kwenye chanzo, PDF iliyoingia kati ya amri hizo mbili ingefutwa bila kutumwa.

Robocopy, amri ya Windows ya kunakili folda, inaunda folda za upande wa pili yenyewe, md ya seva haihitajiki. Inapitia foleni nzima kila mara na kuruka yale yaliyokwishafika yenye ukubwa na muda uleule, ndiyo maana inafidia siku zilizokosa mtandao. /R (mara za kujaribu tena) na /W (sekunde za kusubiri) usiziache. Bila hizo robocopy inajaribu tena mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara, yaani siku 347 kwa faili moja lililogoma. Skripti "iliyoganda" mara nyingi ni hiyo, inasubiri.

Usiweke /MIR hapa. Watu wengi wanaipenda kwa sababu inafanya pande mbili zifanane, na kufanana maana yake ni kufuta upande wa pili chochote kisichokuwepo upande wa kwanza. Foleni yetu inasafishwa baada ya siku 30. Ukiwa na /MIR, siku ya 31 robocopy itaanza kufuta kumbukumbu za seva kwa utaratibu kabisa, na logi itaonyesha kazi imefanikiwa. Ukitaka kujaribu swichi yoyote (chaguo linaloanza na /), ongeza /L kwanza: inaorodhesha itakachofanya bila kugusa kitu.

Namba inazorudisha zinawachanganya wengi. 0 ni hakuna kipya, 1 ni imenakili, 2 ni upande wa pili una vya ziada, 3 ni 1 na 2 kwa pamoja. Zote hizo ni salama, na kwako 2 na 3 zitakuwa za kawaida baada ya mwezi. Kuanzia 8 ndiyo kuna faili lililoshindwa, 16 ni kosa kubwa, mara nyingi njia imekosewa au huna ruhusa. Ndiyo sababu ya GEQ 8 (8 au zaidi) na exit /b 0 (maliza ukisema kazi ni salama). Bila hivyo Task Scheduler (kipanga ratiba cha Windows) itakuonyesha 0x1, yaani namba 1 inayoonekana kama kosa, hata kazi ikiwa imekwenda vizuri, utazoea kupuuza, na siku ya kosa la kweli utalipuuza pia. Usafishaji uko chini ya ukaguzi huo ili kisifutwe kitu kama kutuma kumeshindwa. Forfiles, amri inayofanya usafishaji huo, inahesabu tarehe ambayo faili lilibadilishwa mara ya mwisho, siyo siku lililoingia foleni.

Vidogo vinavyokula muda: njia za robocopy zisiishie na mkwaju wa nyuma kabla ya alama ya kunukuu, "D:\Foleni\" itamezwa pamoja na njia inayofuata. Skripti usiiite robocopy.bat, maana ukiwa ndani ya folda yake itajiita yenyewe bila kikomo. Notepad inapenda kukuhifadhia tuma.bat.txt, chagua "All files". Usihifadhi kwa "UTF-8 with BOM", inaweka herufi fiche mwanzoni mwa faili na mstari wa kwanza utagoma. Ukijaribu mstari wa for kwa kuuandika kwenye dirisha jeusi tumia %a, ndani ya faili ni %%a.

Kwenye Task Scheduler, andika 18:30 kwa saa kumi na mbili na nusu jioni, na chagua "Run whether user is logged on or not". Lengo liwe \\SEVA01\Nyaraka, siyo Z:, kwa sababu draivu uliyounganisha ukiwa umeingia haionekani kwa kazi inayoendeshwa namna hiyo. Hii ndiyo sababu ya "nikibofya mwenyewe inafanya kazi, ikijiendesha haifanyi". Akaunti ya SYSTEM (ya Windows yenyewe) usiitumie kama ofisi haina domeni (akaunti zote kusimamiwa na seva moja), seva haitaitambua; tumia akaunti yenye jina na nenosiri lililopo pia kwenye seva. Ondoa pause yoyote, hakuna mtu wa kubonyeza kitufe.

Kisha tabo ya Settings, tia tiki "Run task as soon as possible after a scheduled start is missed", umeme ukikatika saa hiyo itajiendesha mashine ikiwaka. Hapo kumbuka: ikijiendesha asubuhi, PDF za jana zitapata tarehe ya leo. Dawa yake ni kuiendesha kila saa mchana badala ya mara moja jioni, kitakachokosewa ni cha saa moja tu. Kama mashine ni laptopu, tabo ya Conditions ina "Start the task only if the computer is on AC power", na imetiwa tiki tangu mwanzo. Iondoe, la sivyo umeme ukikatika laptopu inawaka kwa betri lakini kazi haianzi.

Kama seva ni NAS (diski ya mtandao) au unatuma kwenye flashi na unaona kila siku inanakili upya yaleyale, ongeza /FFT. Mifumo mingine inatunza muda kwa kuruka sekunde 2, robocopy inadhani faili limebadilika. Tawi linalotuma kupitia intaneti ya simu liongeze /Z ili kilichokatika kiendelee kilipoishia. Ndani ya ofisi usiiweke, inapunguza kasi.

Ukituma nje ya ofisi, Windows 10 tangu toleo la 1809 ina sftp yake, programu ya kutuma faili kwa usalama kupitia mtandao. Inaendeshwa kwa sftp -b pamoja na faili la amri, na -b haikupi nafasi ya kuandika nenosiri, kwa hiyo tumia ufunguo (faili la siri linalotumika badala ya nenosiri). Faili la ufunguo lisomwe na akaunti ile ya ratiba tu, la sivyo inakataliwa, na uunganishe mara ya kwanza kwa mkono kwa akaunti hiyohiyo ili seva ikubaliwe. Ndani ya faili la amri andika -mkdir, na kistari mbele: bila kistari, folda ikiwa ipo tayari sftp inasimama hapohapo na hakuna kinachotumwa.

Kwa zile za Juni: programu ya skana au mashine yenyewe huenda imebakiza nakala kwenye kumbukumbu yake. Angalia huko kabla mtu hajaizima au kuisafisha.