Barua kwa Mwanangu: Ulimwengu Tuliutafuta Wenyewe

Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Sisi sote tu wazima. Uliniuliza kama Waafrika wa zama za ukoloni walikuwa na uhusiano wowote na ulimwengu ambao hawakupangiwa na watawala, kwa kuwa mwenzako chuoni anashikilia kwamba tulikaa tu tukingoja kufikiwa. Uhusiano huo ulikuwapo, na sehemu kubwa tuliutafuta wenyewe.

Mfikirie Harry Thuku, ambaye barabara iliyo kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina jina lake. Alikuwa karani wa simu serikalini mwaka 1921, alipoongoza chama cha Waafrika cha East African Association kupinga kipande (kitambulisho walicholazimishwa kubeba), kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Mwaka huohuo aliandika barua hadi Tuskegee, chuo cha watu weusi huko Marekani, na hapahapa mjini Mhindi M. A. Desai, mwenye gazeti, alimsaidia kuchapisha malalamiko ya Waafrika. Thuku alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika kwenye kituo cha polisi kudai aachiliwe, Mary Nyanjiru akawasuta wanaume waliosita, ndipo risasi zikapigwa. Serikali ilikiri vifo 21, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hazikupita siku nyingi kabla Marcus Garvey, kiongozi wa vuguvugu la watu weusi, akiwa New York, hajampelekea Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza, simu ya maandishi kulaani mauaji hayo. Ninakuomba umsimulie mwenzako habari hii yote, kwa maana inaniuma kuona Nyanjiru akisahauliwa.

Kongamano la Umoja wa Waafrika la Manchester, Uingereza, la mwaka 1945, walikokutana Kenyatta, Nkrumah, Padmore wa Trinidad na mzee Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, nadhani mmelisoma.

Tom Mboya naye, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, baada ya kuongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 28, alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81; Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, watu weusi mashuhuri wa Marekani, walikuwa wamewaombea nauli. Mboya huyohuyo ndiye aliyemwalika wakili mweusi wa Marekani, Thurgood Marshall, awe mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mazungumzo ya katiba ya Kenya huko Lancaster House, London, mwaka 1960. Marshall, mzao wa watumwa, aliandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya Kenya, akatia ndani yake ulinzi wa Wahindi na wa walowezi wazungu pia.

Mama yako