"Kichwa kinauma" haitoshi

Juzi msomaji mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, ameniandikia: mume wake anasubiri upasuaji wa anurizimu, na kila kichwa kikimuuma nyumba nzima inakesha. Mdogo wangu, hofu hiyo naijua. Mama yangu aliishi nayo, na leo amerudi kwenye dagaa zake Mwaloni, Kirumba, baada ya kupasuliwa Dar es Salaam.

Anurizimu ni sehemu ya mshipa wa damu wa ubongo iliyodhoofika ikavimba kama puto. Isipopasuka, mara nyingi haiumi kabisa, kwa hiyo ukali wa maumivu peke yake haukwambii mengi. Mama alikuwa na kipandauso tangu usichana wake. Ukimuuliza, "Mama, kutoka 0 hadi 10, kinauma kiasi gani?" anajibu 10, hata akiwa anacheka na wajukuu. Nikabadili swali: "Hiki ni kile cha siku zote, au kigeni?" Hapo tukaanza kuelewana. Nikawa naandika kwenye daftari: kimeanza saa ngapi, taratibu au ghafla, upande gani, ametapika, mwanga unamsumbua, amekunywa dawa gani.

Asubuhi moja nikaona kope ya kushoto imeshuka na mboni ya jicho hilo imepanuka. Kliniki moja ya mtaani wakasema ni uchovu, wakatuandikia dawa ya malaria bila hata kupima damu. Mpaka leo linaniuma. Tukapanda hospitali ya Bugando na daftari letu. Daktari alilisoma lote, akampima, akasema anurizimu inakandamiza neva ya jicho. Safari ya Dar ikaharakishwa. Naona fahari kusema daftari lile lilimsaidia mama yangu.

Basi andikeni, ndugu zangu! Kichwa kikilipuka kikafika kileleni ndani ya dakika moja, au shingo ikikaza, mtu akizimia, akipata degedege au kope ikishuka, msisubiri kukuche. Msimsubiri mchungaji, ombeni mkiwa njiani. Anurizimu iliyopasuka inaweza kupasuka tena, hasa ndani ya saa 24 za kwanza.

Kwa kichwa cha kawaida, daktari ndiye aseme dawa ipi, si duka la jirani. Hata paracetamol ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikipita, yenyewe huleta maumivu ya kichwa. Presha nayo ipimwe, iandikwe. Na shemeji kama anavuta sigara, aache leo, maana sigara na presha ya juu huongeza hatari ya mshipa kupasuka.