MUULIZE FUNDI: Dar hadi Mwanza kwa baiskeli, na mbigili za Dodoma

Shikamoo fundi. Tuko marafiki wanne, wote tunaishi Tabata. Mwezi wa saba tunataka kwenda Mwanza kwa baiskeli kupitia Morogoro, Dodoma na Singida. Likizo yetu ni siku 14. Mmoja wetu amepiga hesabu akasema siku saba zinatosha kufika, saba zinazobaki tule sato. Watatu tuna baiskeli za gia, wa nne ana Phoenix ya marehemu babu yake na hataki kuiacha. Tunamwogopea yeye, atatuchelewesha. Tumshauri nini? — Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

Marahaba, mdogo wangu. Huyo wa Phoenix mwacheni. Nitamrudia, maana mimi ninayemwogopea ni huyo aliyepiga hesabu.

Dar hadi Mwanza kwa njia hiyo ni zaidi kidogo ya kilomita 1,100. Gawanya kwa saba upate karibu 160 kwa siku, kila siku, na mizigo, kwa watu ambao safari yao ndefu nadhani ni Tabata hadi Bagamoyo. Siku ya kwanza mtaweza kwa sababu ya furaha. Ya pili mtafika usiku. Ya tatu kuna mtu atakuwa hasemi na mwenzake. Nimezitengeneza baiskeli za vikundi vingi vya namna hii, na mara nyingi kilichoharibika zaidi si baiskeli.

Pangeni kilomita 70 hadi 80 kwa siku. Kwa hesabu hiyo, Dar hadi Mwanza hamtaimaliza kwa siku 14 na bado mrudi kazini. Kwa hiyo anzieni Morogoro. Najua kuna mmoja ameshaapa kuanzia baharini. Mpelekeni Coco Beach aloweshe tairi, mpigeni picha, kisha Jumamosi kabla likizo haijaanza pandisheni baiskeli kwenye buti la basi. Kipande cha Kimara, Kibaha hadi Chalinze kimejaa malori ya bandarini, na hakuna utakachokiona pale zaidi ya ubavu wa tela. Akikataa kabisa, basi apite Bagamoyo na Msata halafu ashuke Chalinze. Ni mbali zaidi lakini ana nafasi ya kupumua.

Kutoka Morogoro zinabaki kilomita 900 na ushee. Siku 12 za kuendesha, moja ya kulala tu pale Singida, moja ya basi la kurudi. Zimetimia 14. Sato mtakula jioni moja, inatosha.

Mwezi wa saba mmechagua vizuri. Kanda ya kati mvua zimekwisha, asubuhi kuna baridi, na upepo wa kusi unatokea kusini mashariki, nyinyi mnaelekea kaskazini magharibi. Utawasukuma mgongoni. Wanaotoka Mwanza kuja Dar msimu huo wanapigwa nao usoni, hasa Singida ambako upepo haupumziki. Kwa hiyo akitokea mtu wa kuwashauri mwanzie Mwanza ili mmalizie nyumbani, msikilizeni kwa adabu, halafu msimfuate.

Sasa milima. Dumila hadi Gairo ni kupanda, na hapo ndipo mtajuana. Gairo nunueni viazi vitamu, viko barabarani kwa madebe. Baada ya Dodoma mtashuka kwenda Bahi, tambarare, joto, mtadhani mmemaliza kazi. Mkishapita Kintinku mtaupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Pandeni asubuhi, msiuvamie saa nane mchana. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya bahari na Singida 1,500 hivi, kwa hiyo hata pale barabara inapoonekana imenyooka, miguu inalipa.

Mteremko wa kuogopa ni Sekenke, baada ya Singida, mnaposhuka kwenda Shelui. Malori yanashuka kwa gia nzito na yanayopanda yanahama upande. Shukeni mmoja mmoja, mkiachana mita mia. Breki msizikamate moja kwa moja hadi chini: bana, achia, bana, achia. Rimu ikipata moto sana tyubu inapasuka, na pale hakuna pa kuangukia. Chini kuna mbuga ya Wembere hadi Igunga. Kila mtu awe na lita tano za maji kabla ya kuiingia, hata kama mwenzake anazo.

Ratiba ya siku ni fupi. Tokeni saa 12 asubuhi, saa tano mtafute kivuli, rudini barabarani saa tisa, saa 11 na nusu muwe mmeshapata gesti. Usiku hakuna kuendesha. Mkikwama kijijini, nendeni kwa mtendaji au mwenyekiti mjitambulishe kabla hamjatandika popote. Atawaonyesha darasa la shule au ua wa mtu, na mtalala bila maswali ya usiku wa manane.

Malori yatawafuata hadi Tinde. Hapo mengi yanakata kwenda Isaka, Kahama na mipakani, nyinyi mnaelekea Shinyanga, na ghafla mtasikia ndege wanalia. Kabla ya hapo sheria ni moja: ukiona lori mbele na unasikia jingine nyuma, shuka kwenye lami. Usibishane na tani 30 kuhusu haki yako ya barabara. Kila mmoja avae kizibao cha kung'aa, na kioo cha pembeni kwenye usukani ni bora kuliko simu ghali.

Haya, mwenye Phoenix. Ni chuma, ikivunjika inachomelewa kijiji chochote. Spoki, gololi, pedali, tyubu ya 28, vyote vipo hata kwenye duka la chumvi na kiberiti. Mkivuka Nzega mmeingia Usukumani, nilikozaliwa mimi, ambako Phoenix imebeba magunia ya pamba, wagonjwa na maharusi. Kila mti wenye kivuli una fundi wake. Abadilishe frii ya nyuma aweke yenye meno mengi zaidi, apande milima bila kusimama kwenye pedali. Pale Gairo atasukuma kwa miguu, sawa, na nyinyi mtakuwa mnahema hatua chache mbele yake.

Mwenye breki za mafuta na tairi za 29, yeye ndiye abebe tyubu zake mbili na mnyororo wa akiba, maana nje ya miji mikubwa hatazipata. Breki hizo zikivuja mafuta Manyoni, fundi atamwangalia kwa huruma tu.

Na anayekwenda taratibu kuliko wote akae mbele. Siyo nyuma. Akikaa nyuma mtamsubiri, mkimwona tu mnaondoka, kumbe nyinyi mmepumzika na yeye hajapumzika. Siku mbili hivyo, atapanda basi.

Fundi, kila nikitoka shamba tairi zina pancha. Nimebandika viraka hadi tyubu haionekani. Nifanyeje? — Msomaji, Chamwino, Dodoma

Hizo ni mbigili. Kabla ya kubandika kiraka kingine, vua tairi, pitisha kitambaa ndani yake taratibu mzunguko mzima. Kitakaponasa, ndipo mwiba ulipo. Wengi wanaziba tyubu na kuurudishia mwiba uleule. Kisha kata tyubu nzee kwa urefu, toa sehemu ya pampu, ulaze utepe huo kati ya tairi na tyubu mpya. Baiskeli itakuwa nzito kidogo. Na ukiitoa shamba ibebe begani hadi barabarani, usiisukume kwenye majani makavu.

Tukifika Mwanza tuziuze baiskeli au turudi nazo? — Msomaji, Ubungo

Rudini nazo. Mnunuzi wa stendi anajua mna tiketi ya kesho, na bei atakayowapa itakuwa ya mtu mwenye tiketi ya kesho. Fungueni pedali, geuzeni usukani, funikeni mnyororo kwa gunia, na gharama ya mzigo mkubaliane na kondakta kabla buti halijafungwa.