Nukta 29,696 sio faili bovu
Mkuu uliyeuliza kama faili lako la data za ubongo ni bovu kwa kuwa upande wa kushoto una nukta 29,696 tu, faili halijaharibika. Uso wenyewe wa ubongo upande wa kushoto una nukta 32,492 ila faili za sifti (CIFTI, aina ya faili za data za ubongo) za HCP (mradi wa Human Connectome Project), zile unazoshusha BALSA (hifadhi ya data mtandaoni), zinaruka ule ukuta wa katikati nusu mbili za ubongo zinapoungana, pale hakuna gamba la ubongo (cortex), ndo maana unabaki na 29,696. Kulia utakuta 29,716, usishtuke hazilingani. Mi nilishusha upya mara tatu hapa Nyegezi bando likaisha nikijua ni mtandao, kumbe nilikuwa sijasoma heda (maelezo ya mwanzo wa faili), orodha ya nukta zilizobaki imo humo humo. Ila hii ni kwa ile meshi (wavu wa nukta) ya 32k tu, yaani ya nukta kama elfu 32 kila upande, fsaverage ambayo ni meshi ya programu ya FreeSurfer ina 163,842 kila upande, usizichanganye.