Duka linauza, rafu zinabaki wazi: pesa zinaenda wapi?

Swali: Nina duka la rejareja Kondele, Kisumu. Nauza kama shilingi 8,000 kwa siku na wateja hawakatiki, lakini kila nikienda kununua mzigo pesa hazitoshi. Sina mkopo popote. Majirani wawili wamefunga mwaka huu, wanalaumu ushuru. Je, ni ushuru kweli? (Mama Duka)

Jibu: Mama, umenitajia mauzo, hukunitajia faida, na mchawi yuko hapo. Pakiti moja ya unga ukiinunua kwa shilingi 135 ukaiuza kwa 150, umebaki na 15, yaani kumi kwa kila mia. Tuchukulie duka zima liko hivyo. Katika ile 8,000, yako ni 800. 7,200 zinangoja kurudi kwa duka la jumla. Toa kodi ya chumba 200 kwa siku, umeme na boda 150. Zimebaki 450. Ukitoa 600 za mboga, nauli na karo, na wengi hutoa bila hata kuandika, kila siku umekula 150 za mtaji. Kwa miezi minane hiyo ni 36,000. Hakuna aliyeiba, rafu zimeingia kwenye sufuria.

Halafu kuna lile daftari la "nitakulipa mwisho wa mwezi". Pakiti sita za unga zikienda na mteja aliyehama, umepoteza 810. Kuzirudisha, uuze pakiti 54. Hapo ndipo mimi huwa mkali na wenye maduka ninaowashauri.

Kuhusu ushuru, majirani hawakukosea kabisa. Tangu Julai 2023 ushuru wa mauzo ni asilimia 3 kwa anayeuza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wewe unafika karibu milioni 2.9. Ubaya wake ni kwamba hauulizi faida: mauzo ya mwezi 240,000 yanadaiwa 7,200, ilhali kilichobaki mkononi kabla ya chakula cha nyumbani ni 13,500.

Ila sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, utoke kwenye ushuru wa mauzo, ulipe ushuru wa mapato wa kawaida, unaotozwa kwenye faida. Kama huna kipato kingine, 13,500 kwa asilimia 10 ni 1,350, na nafuu ya kibinafsi, yaani punguzo la ushuru la 2,400 kwa mwezi, inaimeza yote. Hutalipa kitu, ingawa ritani, yaani taarifa ya mapato ya kila mwaka, lazima upeleke. Sharti uonyeshe vitabu vya mauzo na risiti za mzigo za eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki. Kikaratasi cha kalamu hakitakusaidia.

Kwanza lakini, Jumapili hii kabla ya kufungua, hesabu mzigo wote kwa bei ya kununulia, ujumlishe na pesa zilizo kwenye laini ya simu ya duka. Jilipe 400 kila jioni, si zaidi. Jumapili inayofuata hesabu tena, kisha uniandikie tofauti.