Samadi imeunguza miche yako? Usinunue mbolea nyingine kwanza

Mkuu, umesema umemwaga toroli tatu za samadi ya kuku bustanini, ukapanda nyanya siku ileile, na wiki haijaisha kingo za majani zimekauka kana kwamba zimepitishwa kwenye moto. Udongo wenyewe ni mfinyanzi: mvua ikinyesha unanata, jua likiwaka unapasuka. Sasa unauliza uongeze mbolea gani. Kwa sasa usiongeze chochote. Miche yako haina njaa, imevimbiwa.

Nayajua haya kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyohivyo, tena nikiwacheka waliokuwa wakisubiri. Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe au mbuzi. Naitrojeni yake hugeuka amonia upesi, na ndani yake mna chumvi nyingi, basi mzizi mchanga ukiigusa unanyauka. Ile harufu inayokuchoma puani ukiingia bandani ni naitrojeni inayopaa. Kwa hiyo ukiitandaza mbichi juani unapata hasara mara mbili: sehemu inaunguza miche na sehemu inapotea hewani.

Miche iliyobaki usiing'oe yote. Kwangua samadi iliyo juu, mwagilia maji mengi yazame chini yaondoke na chumvi, kisha kaa wiki tatu au nne. Hiyo uliyokwangua ndiyo mali yako, usiitupe. Ipeleke kwenye rundo.

Rundo la mboji lina chakula cha aina mbili. Kuna vitu vikavu vyenye kaboni, yaani mabua, majani makavu, nyasi kavu, maranda. Na kuna vibichi vyenye naitrojeni: samadi, magugu mabichi yasiyo na mbegu, maganda ya jikoni. Wataalamu huzungumzia uwiano wa kaboni 25 hadi 30 kwa naitrojeni 1, lakini hakuna anayepima hivyo uani kwake. Mimi huhesabu ndoo: mbili au tatu za vikavu kwa moja ya vibichi, na kwa samadi ya kuku sipungui tatu. Rundo likinuka amonia, ongeza vikavu. Likikaa wiki nzima baridi kama kaburi, ama limekauka ama limekosa vibichi ama ni dogo mno. Chini ya mita moja kila upande, joto halikai.

Unyevu napima kwa mkono. Chota konzi kutoka katikati ya rundo, ikamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, pako sawa. Yakichuruzika, hewa imekosa njia na rundo litaoza kwa harufu mbaya. Konzi ikimomonyoka kama vumbi, mwagilia.

Joto nalo napima kwa kipande cha nondo. Nakichomeka hadi katikati, nakiacha dakika kumi, nakichomoa na kukishika pale kilipokuwa ndani kabisa. Mara ya kwanza rundo lilipokubali, siku ya tatu, nilikiachia nondo kikaanguka mguuni. Unataka nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, maana hapo mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa hufa. Ukiwa na kipimajoto cha fimbo ndefu ni bora zaidi, lakini nondo kisichoshikika nacho kinasema mengi. Likianza kupoa, geuza: la nje liingie ndani. Vitabu vitakuambia ugeuze kila baada ya siku chache. Mgongo wangu una maoni tofauti, nageuza mara nne kisha naliacha. Kwangu huchukua miezi mitatu hadi minne. Usipogeuza kabisa bado litaiva, ila jiandae kungoja hata mwaka, na mbegu za magugu zitakuwa hai.

Limeiva pale usipotambua tena ulichoweka, na linanukia kama ardhi baada ya mvua. Ukiwa na shaka, tia konzi yenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki, ufunge siku tatu. Ukifungua ukakutana na uchachu au amonia, rudi ukasubiri.

Kuhusu mfinyanzi wako, mtu atakushauri uchanganye mchanga. Usimsikilize. Kiasi kidogo cha mchanga ndani ya mfinyanzi hukupa kitu kinachokaribia tofali. Kinachoufungua mfinyanzi ni mboji, kwa sababu viumbe wanaoila hutoa gundi inayoshikanisha chembe ndogo kuwa mabonge madogo yenye nafasi za hewa na maji. Tandaza sentimita tatu hadi tano juu ya tuta, weka matandazo ya nyasi juu yake, nyungunyungu watalima bila kulipwa. Mimi niliacha kupindua udongo mwaka wa tatu. Na usikanyage tuta likiwa limelowa, hata kwa kuchuma pilipili moja tu. Miguu huharibu mfinyanzi kuliko mvua.

Mwaka wa pili, ukitaka kucheka, niliamua samadi ni adui nikafukia magunia ya vumbi la mbao. Mboga zote zikawa za manjano. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni, na visipoipata kwenye mbao huichota kwenye udongo kabla ya mizizi. Vumbi hilohilo ukiliweka juu kama matandazo halina ubaya huo. Tatizo ni kulifukia.

Jambo moja wengi hawalijui, na mimi lilinigharimu msimu mzima: mabaki ya kiuagugu. Nilipewa samadi nzuri ya ng'ombe, iliyooza vizuri kabisa, nikapanda maharage na nyanya. Majani mapya yakatoka yamejikunja kama vijiko, ncha zimesokotana. Nilidhani ni virusi. Kumbe malisho yalikuwa yamepigwa dawa ya magugu ya majani mapana. Baadhi ya dawa hizo, kama aminopiralidi na klopiralidi, hupita tumboni mwa mnyama bila kuvunjika, na hata rundo la moto haliziui upesi. Aliyenipa hakujua, simlaumu. Tangu siku hiyo kila mzigo mgeni naujaribu: makopo matatu yenye samadi iliyochanganywa na udongo, matatu ya udongo mtupu, maharage kila kopo, wiki tatu. Yakinyooka yote, naingiza bustanini.

Kuhusu usalama, kama unalima mboga za kuliwa mbichi, samadi mbichi ina vijidudu vya kuhara. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu uichanganye na udongo hadi kuvuna zao ambalo sehemu inayoliwa inagusa udongo, na 90 kwa lisilogusa. Mimi nafuata 120 kwa kila kitu, sina akili ya kukumbuka mbili. Kinyesi cha mbwa na paka usikitie rundoni hata kidogo.

Majivu uliyoyauliza mwishoni: yana potasiamu na hupunguza tindikali ya udongo. Nyunyiza kiasi kidogo, na usiyachanganye na samadi mbichi kwa sababu yataifukuza amonia hewani. Unga wa mifupa una fosforasi na hutoka polepole, lakini kama umekuwa ukimwaga samadi kila mwaka huenda fosforasi imeshazidi tayari. Pima udongo kabla ya kuununua.

Halafu hukusema banda la kuku hao lilitandikwa nini. Kama ni maranda, vikavu unavyo tayari ndani ya hizo toroli na hesabu ya ndoo inabadilika. Tuambie, na kama una picha ya majani mapya kabisa ya juu, weka, nione yamekauka tu au yamejikunja.